Kula kwenye mkahawa wa Kijapani wa kisasa Nairobi: mwongozo kamili, kuanzia simu ya kwanza hadi bili

Mara yangu ya kwanza kwenye mkahawa wa aina hii niliwekewa bakuli la edamame, yaani soya changa zikiwa bado ndani ya maganda, zimechemshwa na kunyunyiziwa chumvi. Nikazila na maganda yake. Nikatafuna, nikatafuna, kama mbuzi aliyepewa kamba ya katani, huku mhudumu akinitazama kwa huruma asijue pa kuanzia. Ningeuliza tu "hizi huliwaje?" ningejibiwa pale pale kwamba unabana ganda kwa meno, punje zinachomoka, ganda unalitupa kwenye kibakuli cha kando. Lakini nilikuwa nimevaa shati jipya na nimekaa na watu wa ofisini. Nikaona haya.

Miaka kadhaa baadaye shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa kutibiwa macho, nami nikampeleka mkahawa wa namna hiyo huko Westlands. Shangazi hana haya za namna hiyo. Aliuliza kila kitu, akarudisha alichokikataa, akala vizuri kuliko mimi niliyejifanya mwenyeji. Mengi ya yanayofuata nimeyapata kwa kumtazama yeye.

Kwanza, jua unakwenda kula nini

Nairobi kuna mikahawa ya Kijapani ya jadi, na kuna hii ya kisasa inayochanganya Ujapani na kwingineko: Peru, Korea, Thailand, wakati mwingine hata pwani yetu. Utaitambua kwa menyu. Ukiona sashimi (samaki mbichi wa Kijapani) jirani na ceviche (samaki wa ndimu wa Kiperu), au sosi ya ukwaju juu ya nyama iliyochomwa kwa makaa, basi ndiyo hiyo. INTI iliyo ghorofani One Africa Place, Westlands, kwa mfano, hujitambulisha kwa neno Nikkei, yaani Wajapani wa ughaibuni na mapishi yao, na neno hilo lina historia. Mwaka 1899 meli Sakura Maru ilifikisha Peru Wajapani 790 walioajiriwa kwenye mashamba, mengi yakiwa ya miwa. Wao na watoto wao wakapika walivyojua kwa vilivyopatikana: ndimu, pilipili, mahindi, viazi. Samaki ambaye Waperu walimlowesha kwenye ndimu kwa muda mrefu, wao wakamlowesha dakika chache tu, maana walizoea kumla mbichi.

Kuchanganya kwenyewe si jambo geni Ujapani. Tempura, yaani kamba wa baharini au mboga zilizochovywa kwenye uji mwepesi wa unga na kukaangwa, asili yake inahusishwa na Wareno waliofika Ujapani mwaka 1543. Ni Wareno wale wale waliotujengea Fort Jesus kuanzia 1593. Nilipomwambia shangazi hivyo alisema, "Basi Wajapani walipata bajia, sisi tukapata mizinga."

Tazama menyu na upige hesabu ukiwa nyumbani

Mikahawa mingi huweka menyu yake mtandaoni. Isome kabla hujatoka. Chakula hiki huja vidogo vidogo, na hapo ndipo pesa inapopotelea: kila sahani inaonekana ya bei ya kuvumilika, lakini watu wawili wanahitaji sahani nne hadi sita ili washibe.

Angalia mambo mawili. La kwanza, bei ya nigiri (tonge za wali zenye samaki juu) na sashimi ni ya kipande kimoja au vipande viwili? Niliwahi kuagiza nigiri sita mahali fulani nikidhani nimeagiza sita, vikaja kumi na viwili, na bili ikaja na hasira yake. La pili, je, bei imejumlisha kodi? Kwa bili ya mkahawa kuna VAT ya 16% na tozo ya utalii ya 2%. Zikiwa zimejumlishwa, bili ya shilingi 11,800 ina chakula cha 10,000, VAT ya 1,600 na tozo ya 200, na huongezi chochote. Kama hazijajumlishwa, kile ulichodhani ni 10,000 kitakuwa 11,800 mwishoni. Maandishi haya huwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi. Tafuta pia kama kuna ada ya huduma.

Kama bajeti ni ndogo, nenda mchana badala ya usiku. Mikahawa kadhaa ya mji huu huwa na sahani za mchana, hasa lile sanduku la bento lenye wali, supu, saladi na kitoweo kimoja, kwa bei isiyokutia jasho. Hiyo ni njia nzuri zaidi ya kuanza kuliko Ijumaa usiku juu ya paa, muziki juu na wenzako wanaagiza bila kutazama upande wa kulia wa menyu.

Kuweka nafasi

Piga simu au tuma ujumbe siku moja au mbili kabla, zaidi kama ni Ijumaa, Jumamosi au sikukuu. Sema idadi ya watu, saa, na mambo matatu haya, usingoje ufike:

Kama kuna mtu anayedhurika na kamba, kaa, ufuta, karanga, mayai au ngano. Sema wazi kwamba ni kudhurika, si kutopenda. Mchuzi wa soya wa kawaida una ngano ndani yake. Vile vijiti vyeupe na vyekundu vinavyoitwa kaa mara nyingi si kaa, ni mnofu wa samaki uliosagwa na kuchanganywa na wanga na vitu vingine. Na mafuta yaliyokaanga kamba huenda ndiyo yatakayokaanga viazi vitamu vyako.

Kama kuna asiyekula nyama wala samaki. Supu ya miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa, inaonekana ya soya tupu, lakini mara nyingi msingi wake ni dashi, mchuzi unaotengenezwa kwa mwani mkavu na vipande vya samaki aliyekaushwa. Watu wa Parklands wasiokula nyama wanalijua hili, wengine hulijua wakiwa katikati ya bakuli.

Kama kuna Mwislamu. Hapa usiridhike na jibu la "hatuuzi nguruwe". Uliza kuhusu mirin, mvinyo mtamu wa wali unaotiwa kwenye sosi kama teriyaki, na sake, pombe ya mchele ambayo hulowekea samaki na nyama. Uliza nyama inatoka wapi. Mchuzi wa soya uliochachushwa nao huwa na alkoholi kidogo inayojitokeza yenyewe, na hapo kila mtu ana msimamo wake. Shangazi aliuliza haya yote kwa simu nikiwa nimeiweka spika. Mpishi mwenyewe akaitwa, akataja sahani ambazo angeweza kuzipika kwa sosi nyingine. Tungefika bila kusema, asingeweza, kwa sababu sosi huwa zimeshapikwa tangu asubuhi.

Ukiulizwa unataka kukaa wapi, chagua kaunta ya sushi kama mko wawili. Unamwona mpishi akikata, unamuuliza, naye hukuonjesha. Mkiwa wanne au zaidi chukueni meza, la sivyo mtaongea na bega la jirani.

Kufika

Waiyaki Way jioni haina adabu. Ukitokea Mombasa Road, Expressway itakutua Westlands, lakini ile nusu kilomita ya mwisho ndiyo hula muda. Kwa Village Market na Gigiri, Limuru Road ndiyo ya kuogopa. Meza nyingi hushikiliwa dakika kumi na tano au ishirini tu. Ukichelewa, piga simu.

Mavazi ni ya heshima ya kawaida. Kandambili na kaptura zinaweza kukukwamisha mlangoni usiku. Kwa mkahawa wa juu ya ghorofa beba sweta au leso, maana Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari na Julai upepo wa huko juu hauna masihara. Shangazi alijifunga leso zake mbili, akaletewa na blanketi.

Ukishaketi utaletewa kitambaa kidogo chenye unyevu, mara nyingi cha moto. Ni cha mikono. Nimeona mtu akikinusa akidhani ni kiamsha hamu.

Kuagiza: hapa ndipo penye kazi

Sahau habari ya kila mtu na sahani yake. Chakula kinawekwa katikati, kama sinia, na kinakuja kinapoiva, si vyote pamoja. Ukiagiza kila kitu kwa mkupuo bila kusema lolote, nyama itafika pamoja na sashimi, moja ipoe na nyingine ipate joto. Mwambie mhudumu: "Tuletee vya baridi kwanza, halafu vya moto, wali mwishoni." Agiza nusu ya unachofikiria, kisha ongeza.

Mpangilio unaofaa unatoka kwenye chepesi kwenda kwenye kizito. Ukianza na mbavu zilizopakwa sosi tamu, ulimi umeshafungwa, na samaki mwororo atakayefuata utamlaumu kwamba hana ladha.

Anza na kitu cha kushikia: edamame (sasa unajua) au saladi ya mwani. Mwani huo, kwa taarifa, ni binamu wa mbali tu wa ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, ambao hupelekwa viwandani kutoa kitu cha kugandisha vyakula na vipodozi.

Kisha samaki wa baridi. Sashimi ni samaki mtupu, bila wali. Tiradito ni samaki aliyekatwa kama sashimi akamwagiwa sosi ya ndimu na pilipili dakika ile ile anapotoka jikoni. Ceviche hukatwa vipande vya mraba na kukolezwa kwa ndimu, kitunguu na giligilani. Mtu wa pwani akiionja hasemi "Peru", anasema kachumbari imepata samaki. Kwa anayeanza, mimi humpa tataki ya jodari: samaki aliyebabuliwa nje kwa sekunde chache, ndani bado mwekundu.

Ndiyo niliyomwagizia shangazi. Aliigeuza kwa uma.

"Mwanangu, huyu jodari hajaiva."

"Ndivyo anavyotakiwa, mama," mhudumu akasema.

"Anatakiwa na nani?"

Hapakuwa na jibu. Akala kipande kimoja, akanyamaza, akala cha pili, kisha akasema samaki mwenyewe ni mzuri, ila amehukumiwa kabla kesi haijasikizwa. Sahani ilirudi tupu.

Vya moto vinafuata: gyoza, ambazo ni kama sambusa laini za unga mwembamba, zimekaangwa upande mmoja na kupikwa kwa mvuke, tempura, mishikaki ya makaa. Ukikuta samaki wa miso, agiza. Mtindo huo wa kumlowesha samaki mnono kwenye miso tamu kisha kumchoma ni wa zamani Ujapani, na aliyeupa umaarufu duniani ni mpishi Nobu Matsuhisa, aliyefanya kazi Lima miaka ya 1970 kabla ya kufungua mkahawa wake Beverly Hills mwaka 1987. Hii ndiyo sahani inayowashinda hata wale waliokuja wakiapa hawali "vitu vya Wajapani".

Mwishowe sushi. Hapa menyu ina majina mengi, lakini mambo ni mawili. Maki ni wali na vitu vingine vilivyoviringishwa kwa mwani na kukatwa, mara nyingi vipande sita au vinane. Zile zenye wali kwa nje, mayonezi, kamba wa kukaanga na parachichi ni za mtindo wa Amerika Kaskazini, zinashibisha na ndizo rahisi kwa mgeni. Parachichi la Murang'a ndani yake ni zuri kweli, tujisifu hapo. Nigiri ni tonge: jina lake linatokana na kitenzi cha Kijapani cha kufinya kwa kiganja, na kitendo chenyewe unakijua kama umewahi kufinyanga ugali. Juu ya tonge hilo la wali wa siki hulazwa kipande cha samaki. Anayetajwa zaidi kuianzisha ni Hanaya Yohei wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, miaka ya 1820, na iliuzwa kwenye vibanda vya barabarani kwa watu wenye haraka. Kwa hiyo usitishwe na taa hafifu na sahani nyeusi. Babu wa chakula hiki ni wa kibandani.

Mchele wake si pishori ya Mwea. Pishori hujitenga punje kwa punje, na huo ndio uzuri wake. Wa sushi ni mfupi, unashikamana, na hutiwa siki, sukari na chumvi ukiwa wa moto.

Kama kuna kitu kinaitwa omakase, maana yake ni kumwachia mpishi akuchagulie. Kinaweza kuwa kizuri sana. Uliza bei kwanza.

Kula kwenyewe

Vijiti: cha chini kitulie kwenye pembe ya kidole gumba, hakisogei. Cha juu kishike kama kalamu. Ndicho kinachofunguka na kufunga. Shika juu zaidi kuliko unavyofikiria, si kwenye ncha. Ukishindwa, omba uma bila kujieleza. Nigiri na maki waweza kuzila kwa mkono, na Wajapani wengi hufanya hivyo. Mhindi, Msomali, Mswahili, sote tuna mafunzo ya kutosha.

Makatazo ni mawili tu ya kukumbuka. Usisimike vijiti wima kwenye wali, na usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti vyako hadi vijiti vyake. Yote mawili yanakumbusha mazishi: wali wenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchomwa mwili hupokezanwa kwa vijiti. Weka chakula kwenye sahani yake, achukue mwenyewe.

Nigiri huliwa yote mara moja ikiwezekana. Igeuze uguse mchuzi wa soya kwa upande wa samaki, maana wali ukilowa unamomonyoka na unabaki unavua punje kwenye kibakuli. Mimina soya kidogo tu. Kama sahani imekuja na sosi yake juu, usiongeze. Mpishi ameshakoleza, na mikahawa hii ya mchanganyiko hukoleza karibu kila kitu.

Kile kibonge cha kijani si parachichi wala si chatne. Ni wasabi, na ukali wake si wa pilipili: ni wa mvuke, unapanda puani, unakutoa machozi, kisha unatoweka kama haukuwepo. Wasabi halisi ni ghali, kwa hiyo sehemu nyingi duniani hutoa mzizi mwingine mkali wa ukoo wa haradali uliotiwa rangi ya kijani. Anza na kiasi cha punje ya mtama. Na zile tangawizi nyembamba za siki si za kuweka juu ya sushi. Unakula jani moja kati ya samaki huyu na yule, kusafisha ulimi.

Kuhusu samaki mbichi

Swali la haki: Mombasa iko karibu kilomita 500, samaki huyu yuko salama? Hatari kubwa mbili ni minyoo na bakteria. Minyoo huuawa kwa baridi kali. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kugandisha samaki kwa nyuzi −20 siku saba, au −35 kwa saa 15. Kwa hiyo "je, amegandishwa?" si swali la kumshushia mtu hadhi, na jibu la ndiyo si aibu. Bakteria hawauawi hivyo, wanazuiwa tu kwa usafi na baridi isiyokatika.

Samaki wa maji baridi, yaani tilapia na mbuta wetu wa Ziwa Victoria, hawaliwi wabichi, na friji ya nyumbani haitoshi kufanya kazi ile ya −20 kwa uhakika. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu na mwenye kinga hafifu ya mwili wale vilivyopikwa. Menyu ina vya kutosha. Sashimi ikifika ina harufu kali ya samaki, imechuruzika maji au ina joto la chumbani, irudishe. Usiile kwa sababu umelipa.

Vinywaji

Chai ya kijani isiyo na sukari inakwenda na karibu kila kitu, na mara nyingi ni ya bei nafuu. Sake ina alkoholi ya asilimia 15 hivi, inanyweka kama maji na inainuka baadaye, kwa hiyo gari liache nyumbani. Maji ya chupa yanalipiwa, na kuna wahudumu wanaoyafungua bila kuuliza.

Bili

Ipitie mstari kwa mstari, hesabu nigiri. Kama ada ya huduma imo, huna deni la bahashishi. Kama haimo, kiasi cha asilimia 10 ni cha kawaida. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Bahashishi mpe mhudumu mwenyewe mkononi ukiweza. Mkiwa kundi, afadhali mmoja alipe wengine wamtumie papo hapo mezani, kabla watu hawajasimama. Nani asiyemjua yule wa "nitakutumia kesho"?

Mabaki

Kilichopikwa kifungiwe. Kibichi kiache, hata kama moyo unauma, kwa kuwa kimeshakaa mezani na kitakaa tena kwenye foleni ya Waiyaki Way. Shangazi alifungiwa gyoza nne na kamba watatu wa tempura. Asubuhi nilimkuta jikoni amewapasha kwenye kikaango kikavu, anawala na chai ya maziwa yenye iliki, na soya iliyobaki ameikamulia ndimu. Aliniuliza kama wale watu wa jana hufungua Jumapili.